Dawa ya Madoa na Blauzi ya Mama

Miaka ile maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa tena, baada ya muda mrefu wa kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, mji wetu ulishikwa na ugonjwa wa weupe. Kabla ya hapo nguo nyeupe ilikuwa nyeupe kadiri ilivyojaliwa. Shuka lilikuwa na rangi ya shuka, shati la shule lilikuwa na rangi ya njia ya kwenda shule, na hakuna aliyemhukumu mwenzake, kwa kuwa sote tulitoka kwenye vumbi lile lile. Kisha yakaja marobota ya mitumba. Zikaja sabuni za unga zenye picha za wanawake wanaocheka mbele ya kamba ya nguo, kana kwamba kufua kuna la kuchekesha. Halafu ikaja dawa ya madoa.

Sitaizungumzia kwa heshima. Ni maji ya manjano hafifu yanayokwaruza koo ukiyanusa, na kazi yake ni moja tu, kula rangi. Haina akili ya kujua ipi ni doa na ipi ni ua la kitenge. Inakula zote, na rangi ikiisha inaanza kula uzi. Lakini watu wetu waliipokea kama mkwe aliyekuja na ng'ombe. Jumapili kwenye misa ya kwanza harufu yake ilishindana na ubani, na ubani ukashindwa. Wanaume wazima walitembea na suruali nyeusi zenye matone meupe mapajani, kama waliopitiwa juu na kunguru, na ukiwatazama sana wanakwambia ndiyo mtindo. Jirani yetu mmoja aliloweka khanga mpya nyekundu pamoja na mashuka ili vyote ving'ae kwa pamoja. Alitoa vitu vyote vikiwa na rangi ya ufizi. Maandishi ya khanga yalikuwa yamefutika kabisa, na kwa kuwa aliinunua ili kumsema mke mwenza, alibaki na khanga isiyomsema mtu yeyote.

Bingwa wao alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisani. Mtandio wake aliuloweka kila wiki, mpaka ukawa na vitundu vidogo kama ulionyeshewa mvua ya sindano, na aliuvaa hivyo hivyo, kidevu juu, akisimama mlangoni mwa kanisa na kuwakagua wenzake kama bwana afya anayetafuta upele.

“Mama, hiyo ni nyeupe au ni krimu?” aliwauliza. “Maana mimi macho yangu siku hizi…”

Macho yake yalikuwa mazima. Aliweza kuona doa la chai kutoka upande wa pili wa barabara.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, mtaa wa Izia, na shahada ya sayansi. Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi hata kabla hawajafunga masanduku yao. Sisi tuliambiwa kwamba mambo yamebadilika na sasa soko ndilo litakaloamua. Soko nililolijua mimi lilikuwa na dagaa, nyanya na viroba vya mahindi, na halikuwahi kuniamulia kitu. Niliandika barua za maombi, nikazisoma mara nane kabla ya kuzifunga, nikaziposti, halafu nikakesha nikifikiri kama neno “natumaini” lilionyesha unyenyekevu au udhaifu. Sandukuni nilikuwa na blauzi moja nyeupe ya pamba niliyoishonesha mwaka wa mwisho wa chuo kwa ajili ya usaili. Kila Jumamosi niliitoa, nikaipiga pasi, nikairudisha. Hakuna aliyeniita kwenye usaili wowote. Ilikuwa ndiyo nguo iliyopigwa pasi kuliko zote mkoani Rukwa, na haikuwa imevaliwa hata mara moja.

Watu waliniuliza njiani, “Bado upo?” Nikawajibu, “Nipo.” Walikuwa wajinga, lakini swali lao lilikuwa zuri.

Mama hakuniuliza. Yeye alikuwa mjane aliyelima mahindi na ulezi kwenye shamba letu nje kidogo ya mji, na aliniacha nishinde nyumbani kama mgonjwa anayengojewa apone. Ningependelea anitukane.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye chama chao, mama alichaguliwa kutangulia maandamano ya vipaji siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Mtu asiyejua mambo yetu anaweza kuona ni jambo dogo. Anayetangulia hubeba kapu la ulezi mpya kichwani, analishika kwa mikono miwili, na kuingia kanisani akicheza taratibu kutoka mlangoni mpaka altareni huku kwaya ikiimba na watu wote wakimtazama yeye. Miaka yote mwenyekiti alimpa kazi hiyo rafiki yake mmoja. Mama alibeba maji, alipika, alifagia, akarudi nyumbani. Safari hii padre mwenyewe ndiye aliyemtaja, na mwenyekiti akalazimika kupiga makofi.

Sare yao ilikuwa kitenge cha chama na blauzi nyeupe. Blauzi ya mama ilikuwa ya popelini, pamba tupu, iliyoshonwa mwaka chama kilipoanzishwa, kutoka kwenye jora moja walilochanga wote. Jora lile lilikwisha zamani, na wengi walishabadilisha na kushona za tetroni zinazometameta kama tumbo la samaki. Mama alibaki na ile yake. Hakuwa na nyingine, wala hakutaka nyingine.

Jumatano ya wiki ya sikukuu aliitoa kabatini akaitundika mlangoni ipate hewa. Nami, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine duniani, nikaiona. Chini ya ukosi, upande wa kushoto, palikuwa na doa la chai, dogo kama punje ya dengu.

“Mama, hili doa umeliona?”

“Lipi?”

“Hili.”

Akalisogelea. “Hilo? Hilo lina miaka mitatu. Wewe ndiye wa kwanza kuliona.”

“Jumapili watakuona watu wote.”

“Wataona kapu, mwanangu. Hili doa wanaliona wasiokuwa na kazi.”

Hakukusudia kunichoma. Mama hakuwa mtu wa mafumbo. Lakini sentensi hiyo nilikwenda nayo chumbani, nikaigeuza na kuigeuza mpaka jioni, na nilipotoka nilikuwa nimeamua kwamba blauzi ile nitaifua mimi, na itakuwa nyeupe kuliko tetroni zao zote. Walau kitu kimoja nyumbani kwetu kitaonyesha kwamba mtoto wa humu alisoma.

“Nitakufulia,” nikamwambia.

“Haya,” akasema. “Maji ya mvua yamebaki kidogo kwenye pipa. Yatumie hayo. Usifulie ya kisima.”

Hapo lazima nieleze kuhusu kisima chetu, kwa kuwa ndicho kilichonishinda. Maji yake yalitoka safi kama kioo, ya baridi, matamu. Tulikunywa, tukapikia. Lakini ukiyaacha kwenye ndoo mpaka asubuhi yanaacha unga mwekundu chini, na chai yake inakuwa nyeusi kama wino. Wanawake wa upande wetu hawakuyafulia nguo nyeupe. Waliweka pipa la maji ya mvua, likafunikwa, likatunzwa kwa ajili ya mashuka na nguo za kanisani tu, na kiangazi likiisha walishuka mpaka kijitoni. Ukiuliza kwa nini, walikuambia kisima kina wivu na nguo nyeupe. Wazee waliongeza kwamba zamani palikuwa na tanuri za kuyeyushia chuma pale juu, na kwamba ardhi haisahau.

Niliwadharau. Nilikuwa na shahada, nitamkeje kwamba kisima kina wivu? Niliona ni aina ile ile ya maneno inayowafanya watu wasifagie usiku na wasiuze chumvi jioni. Pipa lenyewe lilikuwa limebakiza maji ya kiganjani, yenye viluwiluwi viwili. Kijito kilikuwa mbali, na mwezi wa sita upepo wa Ufipa unapenya mpaka kwenye meno. Na wala sikuona sababu.

Alhamisi asubuhi mama alikwenda shambani kuvuna, nami nikaenda stendi kwa muuza dawa.

Alikuwa na meza, dumu la lita ishirini, na safu ya chupa zilizokuwa za dawa ya kikohozi. Kila saa alifanya onyesho lile lile. Alichukua kitambaa cheupe, akakimwagia wino wa kalamu, akawapitishia watu waone, akakichovya kwenye bakuli lake, akakitoa kikiwa cheupe. Umati ulipumua kama ulioona maiti akikaa. Watu walioteremka asubuhi ile kwenye basi la kutoka Namanyere walisahau mizigo yao.

“Njooni muone! Hapa hakuna uchawi, ni sayansi! Dada, sogea. Sogea, haiumi.”

“Ndani yake mna nini?” nikamwuliza.

“Ndani yake mna weupe.”

Watu wakacheka. Nikasema, “Nauliza nguvu yake. Mtu anachanganya kiasi gani kwa ndoo moja?”

“Kiasi cha uchafu wako, dada.”

Wakacheka zaidi. “Imetengenezwa lini? Maana ikikaa juani inapoteza nguvu.”

“Ee! Mpisheni msomi huyu, amekuja kutupa mtihani. Dada, mimi darasa la saba nimefeli. Lakini kitambaa changu ni hiki hapa. Chako kiko wapi?”

Nilijua kabisa kwamba wino ni rahisi kuondolewa rangi, na kwamba angejaribu kwa kutu au kwa mafuta angeaibika mbele ya basi zima. Nilijua alichagua wino kwa sababu hiyo. Nilimdharau yeye, nikaudharau umati wake, nikanunua chupa.

Nyumbani nilianza kufikiri, kazi niliyoiweza. Kwanza nilikagua blauzi uzi kwa uzi. Kama ina sufu au hariri, dawa ingeigeuza manjano na kuila. Haikuwa nayo. Kama ina tetroni, doa lingebaki na ukosi ungepauka. Nilichomoa uzi kutoka kwenye upindo wa ndani, nikauchoma kwa kiberiti, nikanusa. Ulinuka karatasi iliyoungua, haukuyeyuka, kwa hiyo ni pamba. Vifungo vilikuwa vya chaza, nikavikata kimoja kimoja nikaviweka kwenye bahasha na kuandika juu yake “vifungo”. Nilifikiri juu ya uzi wa kushonea, na kitambaa kigumu kilichomo ndani ya ukosi. Nilichagua maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huiharakisha dawa. Nilichagua beseni la plastiki badala ya sufuria, ili dawa isile sufuria. Nilijikumbusha kutomwaga dawa moja kwa moja juu ya kitambaa, na kutoichanganya na kitu chochote kichachu, kwa kuwa mvuke wake unaua. Nilipima vifuniko viwili vya chupa kwa beseni zima. Niliweka saa ya mezani juu ya ndoo. Sijawahi kuona mtu akifua kwa uangalifu kama ule, na kama ningemwona ningemcheka.

Kitu kimoja tu sikukifikiria, maji. Nilichota kisimani.

Nilipomimina dawa, maji yalibadilika mbele ya macho yangu. Yalikuwa kioo, yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nikajiambia ni uchafu wa blauzi unatoka. Miaka mitatu ya chuo, na nikajiambia hivyo. Nilipoinua blauzi kuitazama, doa la dengu halikuonekana tena, kwa kuwa blauzi yote ilikuwa imekuwa na rangi yake. Mabegani ilikuwa manjano, mgongoni ilikuwa na mawingu ya kahawia, na kwenye mikunjo palikuwa na mistari myekundu kama michirizi ya paa la bati bovu.

Mjinga wa kawaida angeitoa pale pale. Mimi nilifikiri. Nikafikiri kwamba dawa ya stendi ni dhaifu, kwamba yule mtu ameiongeza maji, kwamba nilikosea kipimo. Nikamimina chupa nzima. Nikaiacha saa nzima kwa saa ya mezani. Kila dakika ilizidi kuwa nyekundu.

Nilielewa katikati ya saa hiyo, nikiwa nimechuchumaa juani na mikono imekauka kama ngozi ya kondoo aliyechinjwa. Katika maji yale mna chuma kilichoyeyuka, kisichoonekana. Dawa inakigeuza kutu papo hapo, na kutu inatafuta pa kukaa, na mimi nikaipa pamba safi. Hili ningeweza kuliandika kwenye mtihani kwa mistari minne. Niliwahi kuliandika. Wanawake wa Izia walilijua bila mtihani, wakaliita wivu, na jina lao lilikuwa na faida kwamba mtu akilisikia hafulii.

Mama alirudi alasiri na mzigo wa ulezi. Blauzi ilikuwa kwenye kamba, kwa kuwa sikujua pengine pa kuiweka. Alitua mzigo, akaitazama muda mrefu.

“Ya kisima,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na nini?”

Nikamwonyesha chupa. Akaifungua, akanusa, akakunja uso.

“Nilikwambia.”

“Uliniambia kisima kina wivu, mama. Ungeniambia kina chuma.”

“Ningekwambia chuma ungeniuliza kiasi gani.” Akakaa juu ya kinu kilicholala. “Jumapili ni mtondo.”

Hakupaza sauti. Alianza kuzihesabu kwa sauti ya chini njia zilizobaki: kuazima kwa fulani, ambaye ni mwembamba, kwa fulani, ambaye atakuwa ameivaa yake, kwenda kumwambia mwenyekiti kwamba amepata dharura. Alipofika hapo kwa mwenyekiti nikaona mdomo wake ukitafuta mahali pa kukaa. Asiyekuwa na blauzi nyeupe hatangulii. Kapu lingerudi kwa yule rafiki wa kila mwaka, na mwenyekiti angesema kwa huruma kubwa, mbele ya wote, kwamba si kila mtu anaweza mambo ya mbele.

“Kutu inatoka kwa kitu kichachu,” nikasema. “Siyo kwa dawa hii. Ndimu na chumvi.”

Mama akanitazama kama anayemsikia mgonjwa akiomba uji. “Hapa ndimu utazipata wapi mwezi huu?”

“Zinatoka bondeni.”

Ijumaa alfajiri, ndipo kunapambazuka, tulikuwa sokoni wote wawili tukiwangoja wanawake wanaopandisha mizigo kutoka Muze. Kule chini ni joto, na ndimu zinazaa. Huku juu kwetu mti wa ndimu unasimama tu kama mgeni aliyekosa koti. Wa kwanza alikuwa na mchele. Wa pili alikuwa na samaki wakavu. Wa tatu, mama mmoja mnene wa Kisukuma mwenye shuka la wachunga ng'ombe begani, alikuwa na kiroba cha ndimu na hamu ya maneno.

“Shikamoo mama,” nikamwamkia.

“Marahaba. Mnataka ndimu za mafua?”

“Za kufulia,” mama akasema.

“Kufulia! Nyie watu wa juu mna makuu. Sisi tunazitia kwenye chakula, nyie mnafua kwa ndimu.”

“Mwanangu amesoma,” mama akasema.

“Pole,” yule mama akajibu, akatuongezea ndimu tatu.

Kwanza nilimlazimisha mama tuteremke kijitoni, tukaisuuza blauzi mara tano, ili isibaki hata tone la dawa. Nilimweleza kuhusu ule mvuke. “Kwa hiyo ungetuua pia,” akasema, si kwa hasira, ni kama anayeweka orodha sawa. Halafu tukakamua ndimu, tukatia chumvi, tukaitandaza juu ya majani, na kila ilipokauka tukaongeza. Jua la Ufipa ni kali hata upepo ukiwa wa barafu. Mnamo saa nane mistari ilikuwa imefifia. Saa kumi mawingu ya kahawia yalikuwa yameondoka. Jioni blauzi ilikuwa nyeupe, weupe wa kawaida, wa maziwa, na hata doa la dengu halikuwapo.

Nilicheka kwa sauti. Nilihisi kwamba labda si kila nilichosoma ni takataka. Mama alichukua chupa ya dawa, akamwagia masalio yake kwenye sakafu ya choo. Huko ndiko ilikofaa tangu mwanzo.

Jumamosi mchana, nilipokuwa narudisha vifungo kutoka kwenye bahasha yangu, mama alichukua blauzi akaishika mgongoni kwa vidole gumba viwili, akavuta kidogo. Ilitoa sauti ndogo, kama ganda la kitunguu. Akavuta mahali pengine. Sauti ile ile. Tulipoinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, tuliona mgongo umebaki wavu. Dawa ilikuwa imemaliza doa, haikupata kingine, ikala pamba. Sehemu za mbele, zilizokunjika ndani ya beseni, zilikuwa zimepona. Mgongo ndio ulioelea juu kwa saa nzima, mbele ya saa yangu ya mezani.

“Ukiinua mikono kushika kapu,” nikasema, na sikumaliza.

Nilianza kufikiri. Asibebe kapu kichwani, alishike kifuani. Avae sweta juu. Lakini hawakuruhusu sweta juu ya sare. Acheze kwa kifua bila mabega. Tubandike kitambaa kwa ndani. Lakini kitambaa kizima kikishonwa kwenye kichovu, kichovu kinachanika pembeni. Nilikuwa bado naongea wakati mama alipotoa mkasi.

“Leta ile yako,” akasema.

“Ipi?”

“Ile ya kazi.”

 Yeye alisubiri, mkasi umelala kiganjani.

“Mama, wakiniita?”

“Wakikuita utavaa sweta. Hapa ni Sumbawanga, hata hao watakaokuuliza maswali watakuwa wamevaa sweta.”

Nilikwenda sandukuni. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na mstari wa pasi ulikuwa umekaa mikononi kama upanga. Nilitafuta kwa dhati hoja moja nzuri dhidi ya jambo hili, mimi ambaye nina hoja dhidi ya kila jambo, na sikuipata. Nikampa. Alikata mgongo wangu pale pale kwenye mshono, bila kupima, akautoa wake, akashona wangu mahali pake kwa cherehani ya mkono, mimi nikizungusha gurudumu. Ilikuwa kazi ya saa mbili. Alipomaliza, mbele palikuwa na weupe wa maziwa na nyuma palikuwa na weupe wa karatasi, na mshono ulionekana wazi mabegani, kama mpaka wa mashamba mawili.

Jumapili mwenyekiti alikuwa mlangoni na mtandio wake wa vitundu. Alimtazama mama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

“Mama, leo umeng'aa. Umetumia dawa gani?”

“Ndimu.”

“Ndimu!” Akamzunguka, akafika nyuma, akaona. Niliona macho yake yakifurahi. “Na huu mgongo vipi? Mbona ni wa rangi nyingine?”

“Huo ni wa mwanangu,” mama akasema. “Ana digrii.”

Mwenyekiti alinigeukia mimi, akanikagua ukosi. Kwaya ilianza. Mama alitwishwa kapu, akainua mikono yote miwili, akaingia. Nilitembea nyuma yake hatua tatu. Watu wote walitazama kapu, kama alivyosema. Mimi nilitazama mabega, mahali blauzi yake ilipokutana na yangu. Nilikaza masikio kusikia sauti ile ya ganda la kitunguu, kutoka mlangoni mpaka altareni, nikihesabu mabenchi. Alipopiga hatua ya kucheza kitambaa kilivutika kikakaza. Alipoinama kumkabidhi padre kapu kilivutika zaidi, na nikafumba macho.

Kilishika. Aligeuka na mikono mitupu, akanipita akirudi mahali pake, ananuka ndimu.